Pilipili kichaa kwenye ndoo, Uyole: shajara ya mradi wa nyumbani, Juni 2023 hadi Desemba 2024

17 Juni 2023: Kusia mbegu

Mama ametoka Kyela na mfuko wa pilipili kichaa alizozianika mwenyewe mkekani. Hizi ndizo nilizokulia nazo: ndogo, nyembamba, mtini zinasimama zikitazama juu, na moja inatosha sufuria ya maharage ya watu sita. Hapa Uyole nanunua sokoni, na mara nyingi fungu la shilingi 500 lina pilipili za kijani zilizochumwa kabla ya wakati, kali lakini hazina harufu. Nataka za kwangu, na nataka ziwe za mama. Nitaandika kila hatua kwa tarehe ili mwenye nia kama yangu, awe Mbeya, Iringa, Njombe au Makete, aone nilipokwama na nilivyoweza kupita.

Leo nimesia mbegu 30 za mama na 30 za pakiti ya duka la pembejeo (shilingi 3,500). Mabeseni mawili yaliyotobolewa, udongo wa bustani na samadi kidogo, barazani. Namwagilia kila jioni.

15 Julai 2023: Hakuna hata moja

Siku 28 zimepita na beseni ni jeusi vilevile. Nimefukua kwa njiti ya kiberiti. Mbegu zimevimba na kulainika, ukiibinya inatoa maji, na chache zimeota ukungu.

Nimempigia dada yangu aliyeko Ipinda, ambaye mama alimgawia kutoka mfuko uleule. Zake zilitoka siku ya tisa na sasa zina majani manne. Kwa hiyo mbegu za mama hazina kosa.

Nimenunua kipimajoto kwa shilingi 7,000. Saa kumi na mbili asubuhi, barazani: nyuzijoto 8. Saa saba mchana, ndani ya udongo wa beseni: 17. Mbegu ya pilipili hupenda udongo wa nyuzijoto 25 hadi 30. Chini ya 15 inalala tu hadi inaoza. Dada yuko karibu na Ziwa Nyasa, takribani mita 500 juu ya usawa wa bahari. Mimi niko karibu mita 1,800, na nimesia Juni, mwezi ambao huku tunalala na mablanketi mawili. Mama nilipomweleza alisema, "Mwanangu, mtoto mchanga huko kwenu mnamfunika, mbegu mkaiacha barazani?" Alisema kweli.

29 Julai 2023: Mahali pa joto ndani ya nyumba

Kabla ya kusia tena nimezunguka na kipimajoto nyumba nzima kwa siku tatu, asubuhi, mchana na usiku. Juu ya friji nimepata 21. Rafu iliyo karibu na jiko la mkaa hupanda hadi 33 wakati wa kupika cha jioni, ikifika alfajiri imeshuka hadi 15, na kupanda na kushuka kwa namna hiyo sikupenda. Mahali pazuri kuliko pote ni juu ya king'amuzi cha televisheni: 27 hadi 29, ilimradi hakizimwi.

Nilivyofanya: mbegu 50 za mama na 20 za pakiti zimelala usiku mmoja kwenye maji ya vuguvugu, kisha zimekunjwa ndani ya kitambaa cha pamba kilicholowa na kukamuliwa kisidondoshe maji, kila aina kitambaa chake. Vitambaa vimeingia kwenye kopo la siagi lenye kifuniko, kopo limekaa juu ya sahani, sahani juu ya king'amuzi. Sahani ni lazima, maji yakiingia kwenye king'amuzi utaingia gharama nyingine kabisa. Kifuniko nakifungua kila siku mbegu zipate hewa.

12 Agosti 2023: Zimeota

Siku ya nane nilipokunjua kitambaa nilikuta kinundu cheupe kwenye mbegu moja, kama kijino cha mtoto kinachochungulia. Kesho yake zilikuwa kumi na moja. Leo, siku ya 14, za mama zimeota 41 kati ya 50, za pakiti 6 kati ya 20. Nyuma ya pakiti kuna tarehe iliyokwisha kupita, nami sikuisoma wakati wa kununua. Someni tarehe kabla ya kutoa pesa.

Usiku mbili umeme ulikatika. Nilijaza maji ya moto kwenye chupa ya plastiki ngumu, nikaifunga kwa taulo na kuiegemeza kwenye kopo. Imesaidia.

Zote 47 nimezihamishia kwenye trei ya udongo dirishani, jikoni, chini ya nailoni (mita 4, shilingi 8,000, kipande kilichobaki kitafaa baadaye).

2 Septemba 2023: Kinyausi

Huu ndio msiba wa kwanza mkubwa. Miche ilikuwa na majani mawili mazuri. Jumatatu niliona mmoja umelala. Nilidhani kiu, nikaongeza maji. Jumatano ilikuwa imelala tisa. Ukiutazama mche kwa karibu, pale shina linapoingia udongoni pamenywea na kuwa kama uzi wa kahawia, wakati majani ya juu bado ni ya kijani kabisa. Ndiyo kinyausi: vimelea vya kuvu vinavyoishi udongoni hula shina pale chini, na maji mengi na hewa iliyofungiwa ndivyo vinavyovipa nguvu. Mimi nilivipa vyote viwili, nikaongeza na udongo wa bustani ambao haukuchomwa.

Imekufa miche 26. Imebaki 21.

Tiba kwa iliyolala haipo. Iliyobaki niliiokoa hivi: nailoni nimeitoa mchana kutwa na kuirudisha usiku tu, kila mche nimeuhamishia kwenye kikombe chake chenye udongo mpya uliomwagiwa maji yanayochemka na kuachwa upoe, ukachanganywa na mchanga wa mtoni (ndoo mbili, shilingi 1,000), maji nayaweka kwenye sahani chini ya vikombe, asubuhi tu, udongo unayanyonya kwa robo saa, yanayobaki namwaga. Siku kumi zimepita na haujalala mche mwingine. Ningeanza upya, ningemwagia udongo maji ya moto kabla ya mche wa kwanza kuuona.

Jirani amechukua miche mitano. Mimi nina 16.

14 Oktoba 2023: Kwenye ndoo

Ndoo kumi kuukuu za rangi za lita 20 kwa shilingi 2,500 kila moja, na mifuko sita ya sandarusi niliyokuwa nayo. Matundu matano chini. Sehemu tatu za udongo, moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza (kiroba shilingi 3,000), moja ya pumba za mpunga ambazo mashine ya kukoboa huzitoa bure. Pumba zinafanya udongo wa ndoo usishikamane kama tofali.

28 Oktoba 2023: Samadi ya kuku

Samadi ya ng'ombe iliisha nikiwa kwenye mfuko wa pili, baada ya ndoo zote kumi. Kwa mifuko minne ya mwisho nilinunua samadi ya kuku ya shilingi 2,000 kwa mfugaji wa mtaani na kutia viganja viwili viwili. Ilikuwa mbichi, ukiiinamia, macho yanawasha. Siku ya nne ncha za majani zilikauka kana kwamba zimepitishwa juu ya moto, siku ya tisa miche yote minne ilikuwa imekwisha. Nilijaribu kuimwagia maji mengi mara tatu yaoshe udongo, lakini mizizi ilikuwa imeshaungua. Samadi ya kuku si mbaya, ila irundikwe na kufunikwa miezi mitatu au zaidi, hadi harufu ile ya kuchoma pua iishe. Nimebaki na 12.

9 Desemba 2023: Niling'oa miche iliyokuwa inatibika

Mvua zimeanza kwa nguvu, huu ni msimu wa El Nino. Majani machanga ya miche mitatu yalijikunja kuelekea chini, yakawa magumu, membamba, upande wa chini yanang'aa rangi ya kahawia kama yamepakwa chai. Nikakumbuka habari za virusi vya pilipili, ambavyo havina dawa, nikang'oa miwili nikaichoma ili isiambukize mingine.

Wa tatu nilimpelekea bwana shamba anayepita mtaani kwetu. Aliligeuza jani, akalitazama kwa kioo chake kidogo cha kukuzia, akanipa nami nitazame. Vidude vyeupe vinavyopitisha mwanga, vidogo kuliko punje ya chumvi iliyosagwa, vinatembea. Utitiri. Kwa macho tupu huwezi kuuona. Akanieleza tofauti nami naiandika hapa kama alivyosema: virusi huchora jani mabaka ya kijani na njano, hata majani makubwa, utitiri huanzia kwenye kilele, majani machanga tu ndiyo yanayokunjamana, bila mabaka, na chini yake huwa na ile rangi ya chai.

Dawa aliyonipa ni salfa ya unga ya kuchanganya na maji (shilingi 6,000, itanifaa miaka). Nimekata vilele vilivyokunjamana, nikanyunyiza chini ya majani jioni, nikarudia baada ya siku saba. Usinyunyize salfa jua likiwa kali, inaunguza majani. Wiki ya tatu vilele vipya vimetoka vimenyooka. Ile miwili niliyoichoma ingepona pia, na inaniuma kila nikipita penye nafasi zake.

Miche iliyobaki ni kumi.

20 Januari 2024: Maua yanaanguka

Miche inafika magotini, majani ni makubwa na ya kijani kibichi kizito, wageni wanaisifu. Maua yanafunguka meupe, siku ya tatu yanakatika kwenye kishikio na kuanguka. Nimeokota 60 kwa wiki moja.

Kuna makosa mawili. La kwanza ni Urea. Nilitia kijiko kimoja cha chakula kila ndoo, Novemba na tena Desemba (kilo moja, shilingi 2,000). Naitrojeni ikizidi mche unajenga majani na kusahau matunda. Nimeacha kabisa. Sasa natia majivu ya kuni kiganja kimoja kwa mwezi na basi.

La pili sikulitegemea: jua lilihama. Ndoo nilizipanga Oktoba kwenye ukuta unaotazama kaskazini, kwa sababu Julai ndio uliokuwa na jua na joto. Lakini sisi tuko karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwishoni mwa Februari jua la mchana linapita upande wetu wa kusini, na ukuta wa kaskazini unakaa kivulini. Nilipima usiku: ndoo za ukuta ule nyuzijoto 12, na chini ya 15 hivi ua la pilipili linashindwa kutunga. Nimehamishia zote kumi ukuta wa magharibi. Huko tofali zinakunywa jua la alasiri na kulitoa polepole usiku; pima kwa kiganja saa mbili usiku, ukuta bado una uvuguvugu. Kipimajoto kimesoma 15 na nusu, saa nyingine 16.

Asubuhi natikisa matawi kwa mkono kidogo ili chavua idondoke, maana mvua inawazuia nyuki.

16 Machi 2024: Mavuno ya kwanza, na mikono yangu

Gramu 340, nyekundu zote. Nimesubiri ziive kabisa kwa sababu harufu ya pilipili za mama iko kwenye wekundu wake. Kutoka tunda kutunga hadi kuwa jekundu huku kwetu imechukua karibu wiki nane. Dada anasema kwake ni tano.

Nilizikata mikono mitupu, pilipili 80 hivi, nikizipasua kwa urefu na kukwangua ile nyama nyeupe ya katikati inayoshika mbegu. Wengi husema ukali uko kwenye mbegu. Uko kwenye hiyo nyama nyeupe, ndiko kapsaisini, yaani kemikali inayowasha, inakotengenezwa, na mbegu zinaupata kwa kugusana nayo. Nilinawa kwa maji na kuendelea na kazi. Baada ya nusu saa vidole vilianza kuwaka. Kufika saa nne usiku nilikuwa nimekaa na mikono ndani ya beseni la maji baridi, na kila nikiitoa moto unarudi. Maji hayaondoi kapsaisini kwa sababu haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Mama alinielekeza kwa simu saa tano: mafuta ya kula, sugua vizuri hadi kwenye kucha, pangusa kwa kitambaa, ndipo sabuni ya vyombo, rudia mara tatu. Nililala saa saba.

Tangu siku hiyo navaa glavu za plastiki au napaka mafuta mikononi kabla ya kukata. Na mtoto mdogo asiwe karibu, kwa sababu pilipili ikimwingia machoni hakuna njia nyingine ila kuosha kwa maji safi mengi, muda mrefu, huku analia.

20 Aprili 2024: Jikoni

Matumizi ya kila siku ni mepesi. Kwenye maharage na kwenye ndizi za Tukuyu za nyama naweka pilipili nzima, haijapasuka, ielee juu ya mchuzi dakika kumi za mwisho. Inatoa harufu yote na ukali kidogo, anayetaka zaidi anaipasua kwenye sahani yake. Kwa usipa wa Kyela nakaanga kitunguu na nyanya kwanza, pilipili iliyokatwa inaingia nyanya zikishatoa maji. Ukiitia kwenye mafuta makavu yenye moto, mvuke wake utawatoa watu wote nje wakikohoa, tulitoka. Parachichi nalo, limao, chumvi na robo ya pilipili moja iliyokatwakatwa, mezani kwetu haliishi hamu.

Chachandu nimeipika mara nne hadi ikakubali. Mara ya kwanza ilikuwa na maji, ya pili iliungua chini, ya tatu ilichachuka siku ya sita kwa sababu chupa sikuzichemsha. Ya nne ndiyo hii: nyanya kilo moja zilizoiva sana, karoti mbili, kitunguu maji kikubwa kimoja, punje sita za kitunguu saumu, pilipili kichaa gramu 60, chumvi vijiko viwili vya chai. Chemsha hadi karoti iwe laini, saga, rudisha motoni bila kifuniko, moto mdogo, ukikoroga hadi mwiko ukiburuzwa chini ya sufuria uache njia. Mwishoni tia siki nusu kikombe na maji mazito ya ukwaju robo kikombe, ichemke dakika tano tena. Mimina ikiwa ya moto kwenye chupa za kioo zilizochemshwa. Naiweka kwenye friji na hutumika mwezi mzima, ikifika.

Pilipili za kuchachusha nilipoteza chupa ya kwanza. Chumvi niliikadiria kwa macho na pilipili zilielea. Siku ya kumi juu kulikuwa na ukungu wenye manyoya meusi, nikamwaga gramu 250 zote. Mara ya pili nimepima gramu 30 za chumvi kwa lita ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, nikazikandamiza kwa mfuko mdogo safi uliojaa maji hayohayo ya chumvi, zisitoe hata ncha juu. Kifuniko nalegeza kila siku gesi itoke. Za dada huwa tayari kwa siku nane, zangu zilihitaji wiki tatu. Baridi yetu hapa imekuwa faida, ladha ni ya duara zaidi.

Jambo moja sitalifanya, ingawa nimeshauriwa na watu watatu: pilipili mbichi na kitunguu saumu ndani ya chupa ya mafuta ya alizeti, kabatini. Chini ya mafuta hakuna hewa wala uchachu, na humo bakteria *Clostridium botulinum* wanaweza kuzaa sumu ya kuua bila kubadili harufu wala rangi. Nikitaka pilipili ya mafuta natengeneza kidogo, inakaa kwenye friji na inaliwa ndani ya siku nne.

22 Juni 2024: Baridi imerudi

Jumla ya Machi hadi Mei: kilo 1.9 kwa mashina kumi.

Sokoni niliambiwa ning'oe nipande upya. Lakini pilipili kichaa si ya msimu mmoja, kwa dada kuna shina la mwaka wa nne lenye kigogo kinene kama mpini wa jembe. Nikajaribu hivi: mashina sita nimeyapogoa hadi kimo cha sentimita 25, nikayasogeza ukutani chini ya ile nailoni iliyobaki, maji mara moja kwa siku kumi. Manne nimeyaacha nje bila kupogoa, ili nijue.

5 Oktoba 2024: Walionusurika

Ya nje: matatu yamekufa. Majani yalikuwa meusi mwanzoni mwa Julai, na Agosti upepo wa vumbi ukamaliza matawi. Moja limechipua kutoka karibu na udongo. Ya ndani ya nailoni: yote sita yamechipua, yana vichipukizi vingi chini ya kila mkato, na mawili yana vichwa vya maua tayari. Mwaka jana tarehe hii nilikuwa bado na miche ya vikombeni. Nimebaki na saba.

14 Desemba 2024: Mahesabu, na mche nisioupanda

Mashina saba, kilo 1.4 hadi leo, na msimu bado mbichi. Mwaka jana Desemba nilikuwa na sifuri.

Gharama za kilimo: ndoo 25,000, nailoni 8,000, kipimajoto 7,000, salfa 6,000, pakiti ya mbegu 3,500, samadi ya ng'ombe 3,000, samadi ya kuku 2,000, Urea 2,000, mchanga 1,000. Jumla shilingi 57,500. Katika hizo, pakiti, samadi ya kuku na Urea, yaani 7,500, zilikuwa hasara tupu. Chupa sita za kioo 9,000. Sokoni nimekuwa nikinunua kilo kwa 5,000 hadi 8,000, kwa hiyo kwa hesabu ya pesa pekee bado nadaiwa, na mwaka ujao gharama itakuwa kiroba kimoja cha samadi.

Ndege aina ya shore wamekula nyingi. Wanachagua nyekundu tu, kwa sababu ndege hawausikii ukali wa kapsaisini kama sisi. Nimefunika mashina matano kwa neti ya mbu kuukuu, mawili nimewaachia.

Chini ya nguzo ya kamba ya kuanikia nguo, wanapopenda kutua, juzi nimekuta miche mitatu ya pilipili yenye majani manne, imara, haijafunikwa na mtu wala kumwagiliwa. Kwa ukubwa wake nakadiria iliota Novemba, mvua zilipoanza na udongo ukiwa bado na joto la Oktoba. Kwa hiyo mwaka kesho nitasia mara mbili kulinganisha: mbegu 20 juu ya king'amuzi mwishoni mwa Julai, na 20 moja kwa moja nje wiki ya kwanza ya Novemba. Ile mitatu nimeichimbua na bonge la udongo wake, imo kwenye ndoo za yale mashina yaliyokufa, ukuta wa magharibi.